Kutengeneza Matofali ya Saruji kwa Kifusi, Hatua kwa Hatua

Kifusi cha zege kina karibu kila kitu anachonunua mfyatuaji wa matofali, isipokuwa saruji mpya. Kokoto imo, mchanga umo, na vyote vimeshikana kwa saruji kuukuu. Ukikivunja, ukakichekecha na kukisafisha, unapata malighafi ya kufyatulia matofali ya ukuta, ya uzio na ya kutandaza njiani. Na faida haiishii mfukoni, kwa sababu kila toroli la kifusi linaloingia kwenye kalibu hupunguza mchanga unaochimbwa mtoni na taka zinazomwagwa bondeni.

Niseme mapema, hata hivyo, kwamba matofali mengi ya kifusi yanayopasuka, kumomonyoka au kuota chumvi hayaharibikii kwenye mashine. Yanaharibikia kwenye lundo, pale kifusi kinapozolewa pamoja na jasi, mbao na udongo, na mtu akadhani saruji itafunika yote. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye uchambuzi wa kifusi na kwenye maji. Kufyatua kwenyewe nitakupitia haraka, maana fundi yeyote wa matofali anakujua.

Hatua ya 1: Jua kifusi kimetoka wapi

Kabla ya kupakia hata koleo moja, uliza jengo lilikuwa la kazi gani na lilibomolewa kwa nini. Kuta na sakafu za nyumba ya kuishi, darasa au ofisi kwa kawaida hazina shida. Kuna majengo mengine ambayo kifusi chake ni bora ukiache.

La kwanza ni lenye asbesto. Karatasi kuukuu za kuezekea za kijivu zenye mawimbi, mbao za dari za zamani, na mabomba ya kale ya saruji huweza kuwa na nyuzi za asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Ukizikuta usizivunje, usizisage, wala usizifagie. Simamisha kazi na uwaite wenye mamlaka ya taka hatari. Hakuna tofali linalostahili kutengenezwa kwa kitu hicho, hata kiwe kidogo namna gani.

La pili ni jengo lililoungua. Zege lililopata joto la kuanzia kama nyuzi 300 za Selsiasi mara nyingi hubadilika rangi likawa la waridi au jekundu hafifu, na nguvu yake hushuka. Ukiona vipande vya rangi hiyo vikivunjika kirahisi mkononi, viweke kando vikajazie mashimo.

La tatu ni gereji, ghala la mbolea au kemikali, na jengo lililokaa na maji ya bahari. Mafuta huzuia saruji kushika. Chumvi hutoka baadaye juu ya ukuta kama unga mweupe na kubandua rangi, na tofali hilo likiwekwa karibu na nondo, chuma hushika kutu. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo vipande vya ukuta vyenye tabaka nene la rangi kuukuu inayobanduka visiingie kwenye mashine ya kusaga.

Kama una sauti katika ubomoaji wenyewe, omba jengo livuliwe kwanza: milango, madirisha, dari, nyaya, mabomba, vioo na mbao za jasi vitoke, ndipo kuta ziangushwe. Saa chache za kazi hiyo huokoa siku nzima za kuokota uchafu uliokwisha kuchanganyika na mawe.

Hatua ya 2: Jikinge na vumbi

Vumbi la zege na matofali lina silika, na silika ya fuwele ikivutwa kwa muda mrefu huacha makovu kwenye mapafu kwa ugonjwa usio na tiba uitwao silikosisi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa usoni hakitoshi. Vaa barakoa ya kuchuja chembe ya daraja la N95 au FFP2 na kuendelea, miwani, glavu na buti. Muhimu kuliko hayo yote, lowesha kifusi kabla ya kukigonga, na endelea kukinyunyizia wakati wa kusaga. Vumbi lililolowa haliruki.

Maji yanayotiririka kutoka kwenye kifusi cha zege ni makali kama maji ya chokaa. Yanachubua ngozi na yanaua samaki. Yakusanye kwenye shimo au pipa, tope litulie, kisha uyatumie tena kunyunyizia lundo.

Hatua ya 3: Chambua kwa mkono, lundo kwa lundo

Hapa ndipo tofali linapopatikana au kupotea. Tandaza kifusi kwenye sakafu ngumu au turubai, kisiwe kinene kuliko kimo cha goti, kisha pita nacho ukigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zege tupu: vipande vya msingi, nguzo, sakafu na mihimili. Hii ndiyo dhahabu ya lundo. Fungu la pili ni matofali ya saruji na lipu yake, ambayo ni dhaifu kidogo lakini yanafaa. Fungu la tatu ni matofali ya kuchoma, vigae na vyombo vya udongo. Haya hunywa maji mno na tofali lake huwa jepesi zaidi na dhaifu zaidi, kwa hiyo yatengwe ili ujue unatia kiasi gani. Ukiyachanganya yote matatu bila kipimo, kila mchanganyiko utakuwa na tabia yake, na leo utapata tofali zuri na kesho bovu bila kujua kwa nini.

Vilivyobaki vinatoka. Visivyofaa vingi huonekana kwa macho, lakini vinne vinahitaji uangalifu wa pekee.

Jasi ndiyo adui mkubwa, kwa sababu inafanana na lipu nyeupe. Chukua kipande na ukikwaruze kwa ukucha. Jasi hukwaruzika na kuacha mfereji wenye unga laini, wakati lipu ya saruji haikwaruziki kwa ukucha. Jasi ina salfeti, na salfeti ikikutana na saruji mbichi penye unyevu hutengeneza fuwele zinazovimba ndani ya tofali miezi kadhaa baada ya kujenga. Ukuta unapasuka ukiwa umekwisha pakwa rangi. Ukiwa na shaka na kipande, kitupe.

Alumini inasahaulika kila mara. Vipande vya fremu za madirisha, vifuniko na nyaya za alumini vikiingia kwenye saruji mbichi hutoa gesi ya haidrojeni, na tofali huvimba na kuota vidonda juu. Sumaku haitakusaidia hapa kwa sababu haivuti alumini. Ni macho tu.

Kioo kina silika inayoweza kupambana na alkali za saruji polepole na kuleta nyufa. Mbao nazo huvimba zikilowa, na sukari zilizomo ndani ya mti huchelewesha saruji kushika.

Udongo wa mfinyanzi uliogandia mawe husafishwa kwa kuosha. Ukiwa na pipa la maji, kifusi kilichovunjwavunjwa kimwage humo kidogo kidogo na ukoroge. Mbao, plastiki, makaratasi na sponji huelea juu, ukaziopoa kwa wavu. Zege huzama. Kwa kazi ndogo njia hii inaweza kupita mashine nyingi kwa usafi.

Nondo na misumari hung'olewa wakati wa kuvunja. Usivitupe, vina soko lake.

Hatua ya 4: Vunja, saga na chekecha

Kwa matofali machache nyundo inatosha. Ukitaka kufyatua kila siku, tafuta mashine ya kusagia mawe, ya kukodi au ya kushirikiana na wenzako. Mashine ya taya hutoa vipande vyenye kona nyingi, na hilo ni jambo jema kwa tofali linaloshindiliwa.

Ukubwa wa kipande unaamuliwa na kalibu yako. Kipande kikubwa kabisa kisizidi theluthi moja ya sehemu nyembamba ya tofali. Tofali lenye matundu ambalo kuta zake za ndani zina unene wa milimita 30 linataka kokoto isiyozidi milimita 10. Tofali zima linaweza kubeba mpaka milimita 14, lakini mimi hupendelea 10 hata hapo, kwa sababu uso wa tofali hutoka mzuri na kona hazimegeki.

Andaa chekeche mbili, moja ya matundu ya milimita 10 na nyingine ya milimita 5. Kinachobaki juu ya chekeche ya 10 kinarudi kuvunjwa. Kinachopita 10 lakini kikabaki juu ya 5 ni kokoto ya kifusi. Kinachopita 5 ni mchanga wa kifusi. Viweke mbali, vifunike mvua isivichafue, na kila lundo liandikwe tarehe na jengo lilikotoka. Uandishi huo unaonekana kama usumbufu mpaka siku utakapohitaji kujua ni lundo gani lilileta matofali mabovu.

Mchanga wa kifusi ndio wenye matatizo zaidi, kwa sababu humo ndimo saruji kuukuu inamojikusanya kama unga. Jaribu hivi: tia mchanga wa kifusi kwenye chupa ya kioo hadi nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie saa chache. Tabaka laini la juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga wote, uoshe au uchekeche tena kabla ya kutumia. Unga mwingi unataka maji mengi, na maji mengi yanataka saruji nyingi.

Kuna dhana moja inayozunguka sana, kwamba vumbi la zege kuukuu lina saruji bado, kwa hiyo unaweza kupunguza saruji mpya. Usiifuate. Karibu saruji yote iliyokuwa kwenye zege hilo ilikwisha shika zamani, na chembe chache zilizosalia hazitoshi kubeba ukuta. Kifusi kinachukua nafasi ya kokoto na mchanga peke yake.

Hatua ya 5: Pima unyonyaji wa maji

Hiki ndicho kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote, na hakihitaji maabara. Kokoto ya asili ya mawe magumu kwa kawaida hunywa maji yasiyofika asilimia 2 ya uzito wake. Kokoto ya zege lililosagwa hunywa kati ya asilimia 3 na 10, kwa sababu saruji kuukuu iliyoganda juu yake imejaa vitundu. Matofali ya kuchoma yaliyosagwa huweza kupita asilimia 10 kwa urahisi.

Chukua kama kilo 2 za kokoto ya kifusi. Ikaange kwenye karai juu ya moto mdogo ukikoroga mpaka isitoe mvuke tena, iache ipoe, kisha uipime. Tuseme imekuwa kilo 2.00 kamili. Iloweke saa 24, imwage kwenye chekeche, halafu uifute kwa kitambaa kikavu mpaka mng'ao wa maji juu yake uishe, na uipime tena. Ikiwa sasa ni kilo 2.13, imekunywa gramu 130, ambazo ni asilimia 6.5.

Namba hiyo inakuambia nini kitatokea kwenye kalibu. Ukichanganya kokoto kavu ya namna hiyo na saruji, itaanza kuvuta maji ya mchanganyiko mara moja. Mchanganyiko uliokuwa mzuri dakika ya kwanza unakuwa mkavu dakika ya kumi, fundi anaongeza maji, na tofali linatoka legevu upande mmoja na lenye vinyweleo upande mwingine. Saruji inayonyimwa maji haikomai. Inabaki unga ndani ya tofali.

Dawa yake ni kulowesha kifusi mapema. Jioni kabla ya kufyatua, mwagilia lundo la kokoto ya kifusi mpaka maji yaanze kuchuruzika chini, kisha lifunike kwa turubai usiku kucha. Asubuhi liwe limelowa ndani lakini halitiririki. Ukishika kiganja kizima, mkono ubaki na unyevu bila matone. Mchanga wa kifusi usilowekwe namna hiyo, kwa sababu hukamata maji yasiyopimika. Unyunyizie kidogo tu.

Hatua ya 6: Anza na majaribio, kisha upange uwiano

Watafiti wa chuo kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong walichapisha mwaka 2002 majaribio ya matofali yaliyofyatuliwa kwa kalibu. Walipobadilisha asilimia 25 na 50 ya kokoto na mchanga kwa kifusi, nguvu haikupungua sana. Walipopita hapo, ilishuka. Matokeo hayo yanalingana na tabia ya kifusi jinsi ilivyo, na mimi huyachukua kama mpaka: nusu ya kokoto na mchanga inatosha kwa mtu asiye na maabara karibu. Viwango vya zege la kujengea huwa na tahadhari zaidi. Kiwango cha India cha IS 383, toleo la mwaka 2016, kinaruhusu kokoto ya zege lililosagwa hadi asilimia 25 kwenye zege lisilo na nondo na asilimia 20 kwenye zege la nondo lisilozidi daraja la M25 (yaani nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba), wakati zege dhaifu la chini ya M15 linaruhusiwa hata asilimia 100.

Tengeneza sanduku la mbao la kupimia lenye sentimita 33 kwa 33 na kimo cha sentimita 32. Linabeba karibu lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Makoleo hayafai kwa kupimia, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana havilingani.

Fanya michanganyiko mitatu, yote ya saruji 1 kwa 6:

Wa kwanza hauna kifusi: saruji 1, mchanga 4, kokoto 2. Huu ndio wa kulinganishia.

Wa pili una kifusi asilimia 25: saruji 1, mchanga 4, kokoto ya kawaida nusu, kokoto ya kifusi moja na nusu.

Wa tatu una kifusi asilimia 50: saruji 1, mchanga wa kawaida 3, mchanga wa kifusi 1, kokoto ya kifusi 2.

Kila mchanganyiko ufyatue matofali 6 au zaidi. Matatu yavunjwe kwenye mashine ya kupimia yakiwa na siku 7, matatu yakiwa na siku 28. Gharama ya kupima matofali hayo ni ndogo ukiilinganisha na ukuta mmoja wa kubomoa. Kama fungu la tatu la matofali ya kuchoma unataka kulitumia, liingie kama sehemu ndogo ya kokoto ya kifusi, lisizidi robo yake, na ulifanyie jaribio lake peke yake.

Hesabu ya kukadiria ni hii. Mfuko mmoja kwa uwiano wa 1:6 unatoa lita 245 za vitu vikavu, lakini vikishindiliwa hubaki kama theluthi mbili, karibu lita 163. Tofali zima la sentimita 40 kwa 20 kwa 15 ni lita 12. Tarajia matofali 13 hivi kwa mfuko. Akikuambia mtu kwamba anapata matofali 40 ya ukubwa huo kwa mfuko mmoja, jua ameshafika uwiano ambao kifusi hakiwezi kuuvumilia.

Hatua ya 7: Changanya na fyatua

Changanya vikavu kwanza, saruji na mchanga wa aina zote, mpaka rangi iwe moja. Ongeza kokoto ya kifusi iliyolowa, geuza tena mara mbili, ndipo utie maji. Anza na lita 18 kwa mfuko wa saruji na uongeze kidogo kidogo. Kipimo cha mkono ndicho cha mwisho: finya mchanganyiko kiganjani. Ukifumbua kiganja ubaki donge moja lisilopasuka, na mkono ulowe bila maji kudondoka. Donge likimeguka, ongeza maji. Likiteleza na kuacha tope, mchanganyiko umeharibika, na kuongeza vikavu bila saruji hakuutengenezi.

Tumia mchanganyiko wote ndani ya saa moja. Usiurudishie maji baada ya hapo.

Jaza kalibu kwa tabaka mbili na ushindilie kila tabaka. Kifusi kina kona kali zinazojifunga zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kinataka mshindo au mtetemo zaidi ya kokoto ya mto. Njia rahisi ya kulinda ubora ni mizani. Kila baada ya matofali machache, pima moja likiwa bichi. Tofali zima la lita 12 lenye nusu ya kifusi huwa karibu kilo 23 hadi 26. Baada ya siku ya kwanza utakuwa na namba yako, na likitokea tofali pungufu kwa kilo nzima, simamisha kazi uangalie mshindo na maji.

Hatua ya 8: Kumwagilia na kukomaza

Matofali yakae kivulini chini ya turubai saa 24 za kwanza bila kuguswa. Kisha mwagilia asubuhi na jioni, na mchana pia jua likiwa kali, kwa siku 7 za lazima. Siku 14 ni bora zaidi. Usiache yakauke katikati na kuanza upya, kwa sababu saruji iliyokauka mapema hairudishi yote iliyopoteza. Maji yaliyobaki ndani ya kokoto ya kifusi yanasaidia hapa, kwa vile hutoka polepole na kuilisha saruji kutoka ndani. Hii ni faida ndogo ambayo kokoto ya kawaida haina.

Baada ya kumwagilia, yapange kwa nafasi ili hewa ipite, na yaachwe mpaka siku 28 zitimie. Tofali la kifusi husinyaa zaidi likikauka kuliko tofali la kawaida, kwa sababu saruji kuukuu na saruji mpya zote husinyaa. Ukilijenga likiwa bichi, litasinyaa ndani ya ukuta na kuchora nyufa za ngazi kwenye lipu. Subira ya wiki hizo ndiyo inayokuepusha.

Hatua ya 9: Pima kabla ya kuuza au kujenga

Njia ya uhakika ni maabara. Nguvu ni mzigo uliovunja tofali ukigawanywa kwa eneo la uso lililobebeshwa. Tofali lenye uso wa milimita 400 kwa 150 lina eneo la milimita za mraba 60,000. Likivunjika kwa kilonewtoni 210, nguvu yake ni newtoni 3.5 kwa kila milimita ya mraba, kiasi ambacho hutumika sana kwa kuta za nyumba isiyo na ghorofa. Kiwango cha nchi yako ndicho cha kufuata.

Unyonyaji wa maji upime mwenyewe. Kausha tofali, lipime, lizamishe saa 24, lifute, lipime tena. Likitoka kilo 24 kwenda 25.9, limekunywa karibu asilimia 8, na hilo ni zuri. Ukomo unaotumika mahali pengi ni asilimia 10. Likizidi hapo, litumike kwenye kuta za ndani tu.

Kiwandani, gonga matofali mawili yaliyokauka. Yaliyokomaa yanalia kwa sauti kali. Yaliyo mabovu hutoa sauti ya kufa. Msumari usiweze kuchimba uso wake kirahisi, na tofali likidondoshwa likiwa bapa kutoka kimo cha kiuno kwenye udongo ulioshindiliwa lisikatike. Vipimo hivi vinachuja matofali mabovu, lakini havithibitishi nguvu. Usimwonyeshe mteja matokeo yake kama cheti.

Hatua ya 10: Mahali pa kuyatumia, na namna ya kuyajenga

Yatumie kwenye kuta za ndani, kuta za kugawa vyumba, uzio, kuta za nje zinazopigwa lipu, na njia za waendao kwa miguu. Usiyapeleke kwenye msingi ulio chini ya ardhi yenye unyevu, shimo la maji taka, tangi la maji wala ukuta wa kuzuia udongo. Huko tofali linakaa na maji mwaka mzima, na kasoro yoyote ya kifusi itajitokeza. Nyumba ya ghorofa iachiwe mhandisi aseme.

Udongo wa saruji wa kujengea usiwe mgumu kuliko tofali. Mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 unafaa sana kwa matofali haya, kwa sababu unalegea kidogo pale ukuta unapojinyoosha. Saruji 1 kwa mchanga 3 ni kali mno. Ukuta ukisinyaa, ufa utapita katikati ya tofali badala ya kwenye kiungio. Ukuta mrefu uachiwe kiungio cha wima kinachoweza kuachana kila mita 6 hivi, kijazwe kitu laini na kufunikwa.

Matofali yanyunyizie maji kidogo kabla ya kuyapanga, yasinywe maji ya udongo wa kujengea, lakini usiyaloweke. Lipu ngojea mpaka ukuta umekaa wiki kadhaa, anza na tabaka jepesi la saruji na mchanga mkavu wa chembe kubwa ili lipu ipate pa kushika, halafu lipu yenyewe iwe 1:1:6 pia. Makapi laini yaliyobaki juu ya turubai, yale ambayo hukuyataka kwenye kalibu, yashindilie chini ya sakafu kama kijazio, mradi hayana jasi.